Insha za Raia wa Dunia

Mwalimu Eufrasia alivua viatu kwenye mteremko wa Bangwe, akavibana kwapani, akakimbia. Mtu mzima akikimbia mchana, kama hafukuzi basi anafukuzwa, na waliomwona walimpisha.

Jua la Kigoma lilikuwa linachoma, naye alikuwa ndani ya lile sweta lake la bluu la mikono mirefu, asilolivua masika wala kiangazi. Wanafunzi walishampa jina kwa ajili ya sweta hilo: Mwalimu Baridi. Siku hiyo Mwalimu Baridi alitota jasho mpaka kwenye kope.

Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: bahasha ya insha isifunguliwe kabla hajafika.

Nusu saa nyuma, Mélanie, mama yake Kaneza wa darasa la sita, alikuja akapiga magoti mlangoni pa darasa. Mama huyo alikuwa ametembea kwa miguu siku tatu kutoka Burundi mpaka Manyovu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Mtaani alijulikana kuwa Muha wa Kasulu, Mtanzania. Ukweli aliujua Eufrasia peke yake. Na mwaka ule, wakimbizi waliokutwa nje ya kambi walikuwa wanapakiwa kwenye malori.

"Mana yanje, Mungu wangu, Mwalimu!" Mélanie alilia. "Kaneza kaandika mambo ya kukimbia vita! Kaniambia mwenyewe, anacheka, anasema atapata zawadi. Wakiisoma hiyo karatasi tumekwisha."

Kosa lilikuwa la Eufrasia, hakuwa na wa kumsingizia.

Shirika moja la ng'ambo lilikuwa limetangaza mashindano ya insha: "Mimi ni Raia wa Dunia." Wiki nzima aliwafundisha watoto maendeleo ya Afrika. Aliwafundisha reli, bandari, na mipaka iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi hata kuonja dagaa wa Kigoma. Mpaka ni wino tu, aliwaambia, na wino haumzuii mtu kuwa mtu. Ilipofika siku ya kuandika, darasa zima likatoa macho.

"Huyo raia wa dunia anapewa kitambulisho, Mwalimu?" Mwanvua aliuliza.

Hawakuwa wakitania. Basi akawaandikia insha ya mfano ubaoni, kama ilivyo desturi, wainakili waone jinsi inavyojengwa. Aliandika bila kusimama mpaka chaki ikamwishia vidoleni, kisha akafuta. "Sasa kila mtu aandike ya kwake," akasema, "na aandike kweli." Mzee Selestini, mwalimu mkuu, alizikusanya na kuzipeleka mjini saa ileile, kwa kuwa siku ya mwisho ilikuwa hiyo. Eufrasia hakupata kusoma hata moja.

Kwenye ofisi ya mashindano, karani hakusubiri salamu.

"Bahasha yenu imeshafunguliwa, Mwalimu. Ofisa wa uhamiaji ni mmoja wa waamuzi, anazo humo ndani. Kasema ukifika uingie."

Aliingia pekupeku. Ofisa, kijana nadhifu, alimwamkia shikamoo na kumwonyesha kiti. Insha zilikuwa zimetandazwa juu ya meza. Eufrasia hakukaa, wala marahaba hakuitikia.

"Hiyo ya Kaneza ni ya kubuni," alisema, pumzi zikimpaa. "Yule mtoto ana maneno mengi kama redio. Mama yake ni Muha wa Kasulu, namjua tangu tuko wadogo. Naapa." Na akaapa kweli, kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Angeapa na kwa ziwa lote kama lingesaidia.

"Kaneza," ofisa alisema, akapekua. "Huyu hapa." Akasoma polepole:

"'Tulivuka ziwa kwa mtumbwi wa dagaa. Babu alibaki ufukweni Rumonge, kule Burundi, akatupungia kofia. Karabai iliniangukia ikaniunguza mkono wa kushoto, nikazibwa mdomo nisilie.'"

Eufrasia alishika ukingo wa meza. Kaneza hakuwahi kupanda mtumbwi maishani mwake.

Ofisa akachukua karatasi nyingine. "Mwanvua, mjukuu wa watu wa Ujiji tangu enzi. 'Tulivuka ziwa kwa mtumbwi wa dagaa. Babu alibaki ufukweni Rumonge.'" Akachukua ya tatu. "Yona, mtoto wa fundi reli, nampitia kwao kila siku. 'Karabai iliniangukia ikaniunguza mkono wa kushoto.'"

Hakuendelea. Alizikusanya zote, akazigonga mezani ziwe sawa, akazirudisha kwenye bahasha.

"Watoto arobaini na wawili," alisema, bila ukali wowote. "Mtumbwi mmoja, babu mmoja, karabai moja. Mwambie mama Kaneza alale usingizi, Mwalimu. Mimi simtafuti mtoto."

Akainuka, akaurudishia mlango.

"Naomba ukunje mkono wa sweta," alisema. "Wa kushoto."