Saa Inayochelewa

Zama hizo mtu alizeeka kwa mwendo wa saa aliyoivaa mkononi. Kombo alinunua ya kwake mnadani, saa kuukuu ya kutia ufunguo iliyokuwa ikichelewa vibaya. Alifurahi kimoyomoyo, maana wenzake waliota mvi, yeye akabaki kijana.

Taabu ilianza mdogo wake, Faki, alipompita umri. Harusini Faki aliketishwa na wazee, Kombo akatumwa kuwanawisha mikono.

"Fanya haraka, mdogo wangu," Faki alimwambia. "Tuna njaa."

Kesho yake Kombo aliipeleka saa kwa fundi, naye akaifungua na kuichungulia.

"Inatengenezeka," alisema fundi, "ila ikipona utaipata miaka yote uliyoikwepa, kwa mkupuo mmoja."

Kombo akarudi nyumbani kushauriana na mkewe, Mwanaisha, aliyekuwa akichambua mchele.

"Itengeneze," alisema Mwanaisha bila kuinua kichwa. "Nimechoka kuzeeka peke yangu."

Kombo aliitazama saa, kisha akamtazama mkewe. Akaona heri amtanie.

"Shikamoo, bibi."

Alidhani atacheka.

"Marahaba, mwanangu," Mwanaisha alijibu, akaendelea kuchambua mchele.