Sisimizi Kwenye Ua

"Tembo ni kazi yako. Na maua je?" mgeni aliuliza, mbele ya mchoro uliofunika ukuta mzima.

"Mkono ni huu huu," mchoraji akajibu, akiuinua watu wote wauone.

Nyuma yake mkewe alikuwa akigawa vinywaji, rangi ya manjano ya maua yale ingali imemganda kuchani.

Mgeni akasogeza miwani. "Mbona basi umeficha sisimizi ndani ya kila ua?"

Mchoraji akainama. Kweli, alikuwemo, mdogo kuliko punje ya ufuta. Miaka yote ya kuchora tembo wake kati ya maua kama hayo, hakuwahi kumwona.

Sisimizi ndilo jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa akimwita mkewe siku za uchumba. Mtu mzima akakosa pa kuuweka uso.

"Ehe, fundi, huyu sisimizi ana maana gani?" mgeni akauliza.

Nyuma ya mchoraji, bilauri zikaacha kugongana.