Mji Alioujaza Pimbi

Zamani hizo, nchi za mbali zilipokuwa bado hazina wenyewe, Pimbi na mkewe walihamia kwenye jabali lenye chemchemi. Mke akafa mwaka uleule, na Pimbi akazidiwa na upweke. Akafunga safari kwenda kuita majirani.

"Njooni! Maji tele, na ardhi ya bure!"

Wakaja sungura, wakaja panya, kaya kwa kaya. Pimbi alifurahi mno kusikia tena kelele za watoto. Kila msimu akatoka kwenda kuita wengine.

"Bwana Pimbi, sasa tunatosha," mzee wa panya alimwonya.

"Tunatosha? Ndio kwanza tumeanza!"

Safari ya mwisho ilimchukua miaka. Aliporudi na kanga arobaini, alimkuta mlangoni Nungunungu, mlinzi asiyemjua.

"Mji umejaa. Rudini mlikotoka."

"Bwana we, mimi ndiye niliyeuanzisha!"

"Kila anayefika hapa husema hivyo," Nungunungu akajibu bila ubaya. "Nani anakufahamu?"

Pimbi akachungulia ndani. Mamia ya nyuso yalimtazama, asiutambue hata mmoja. Wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa. Juu ya kaburi la mkewe palikuwa na kibanda, na mgeni fulani alikuwa akianika mtama mlangoni pake.

Nyuma yake, kanga mwenye vifaranga akamgusa kwa bawa.

"Mwenyeji wetu," akauliza kwa adabu, "mbona hatuingii?"