Mto Kwenye Kiti cha Dereva

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni kwa Bi Salme. Alimchemshia chai Shuwena, aliyepata leseni ya udereva juzi na aliyetaka kununua gari moja kati ya mawili aliyoyaacha marehemu mume wa Bi Salme.

Jana Shuwena alilicheka lile dogo la injini ya cc elfu moja. "Nimpeleke mdogo wangu harusini na hili, wakwe wadhani tumekuja kuuza maandazi?" Akachagua kubwa, la cc elfu tatu.

Kulipopambazuka alikuja kulijaribu. Alikanyaga mafuta kidogo tu, gari likaruka na kulibomoa banda la kuku. Kuku wakatawanyika uani wakipiga kelele. Shuwena akabaki ameinamia usukani, hawezi kuinua uso.

Bi Salme akafungua mlango. "Umeumia, mwanangu?"

"Sijaumia, bibi. Nililicheka gari lako dogo."

"Hata marehemu alikuwa akilicheka. Shuka, chai inapoa."

Walipolipita gari dogo, Shuwena aliona mto kwenye kiti cha dereva, foronya yake imepigwa pasi.

"Huu umeuweka lini?"

"Jana, ulipoondoka. Niliona wewe mfupi kama mimi."

Shuwena akaingia, akaukalia. Kutoka pale aliuona ua wote: mbao zilizovunjika, na jogoo amesimama juu yake.

Bi Salme akainama dirishani. "Harusi ikipita, uje tena kunitembelea," akasema. "Hata kwa miguu."