Miwani ya Hoza

Siku hizi tamthilia ni moja, lakini kila mtazamaji huvaa miwani yake na kuletewa kisa kinachofuata moyo wake. Zaina na mumewe, Hoza, waliketi kochi moja kila jioni pale kwao Korogwe, kila mmoja akitazama ya kwake.

Jumapili moja Hoza alitoka kumsindikiza mgeni, akaacha miwani. Zaina alishikwa na hamu, akaivaa. Akamwona mke wa kwenye tamthilia akimsimulia mumewe habari za sokoni huku akicheka, na mume akimsikiliza bila kumkatiza.

Hoza aliporudi, Zaina akamwuliza, "Baba Nuru, huyu mke wa kwako mbona anaongea sana?"

"Ndivyo ninavyompenda. Kwani wa kwako haongei?"

Zaina akaichukua miwani yake kochini. Katika tamthilia yake mume alikufa wiki ya kwanza, na mjane alikuwa akiishi kwa raha mpaka leo.

"Hebu lete na mimi nione," Hoza akasema, akinyoosha mkono.

"Imeisha chaji," Zaina akajibu, akiifunika kwa upindo wa khanga.

Hoza alikiona kitaa cha kijani cha miwani yenye chaji kikimulika ndani ya kitambaa. Akaketi, na ya kwake hakuivaa.