Penalti ya Gualter

Gualter alipokabidhiwa mpira wa penalti, watu waliacha kutema maganda ya lupini, mbegu walizokuwa wakitafuna majukwaani. Ilikuwa mechi yake ya mwisho, nayo ilikuwa ikielekea ukingoni, na beki huyu hakuwa amewahi kufunga bao maishani.

"Chukua, mzee," alisema kijana mpiga penalti wao. "Leo bao ni lako. Ukikosa tutakucheka kidogo tu."

"Funga moja, mwanangu, nife kwa raha," bibi mmoja alipaza sauti jukwaani.

Walikuwa wakiongoza kwa bao moja. Wakisawazishiwa, timu ya mji wao ingeshuka daraja.

Gualter aliupapasa mpira kwa kidole gumba. Mkononi ulikuwa mwepesi. Yeye aliuzoea kwenye paji la uso, pale penye kovu. Akageuka kutazama nyuma. Mabeki wenzake wote walikuwa wamepanda kuja kumwona akifunga. Kwenye mstari wa katikati alibaki mshambuliaji mmoja wa wapinzani, mwembamba, mwenye mbio, akikaza kamba za viatu bila mtu wa kumlinda.

"Piga wewe," akamrudishia kijana mpira.

"Mzee, acha utani."

"Piga. Nyumbani hakuna mtu."

Akarudi mbio, goti likimuuma, huku jukwaa likimzomea kwa mapenzi. Nyuma yake alisikia uwanja mzima ukiguna. Kipa alikuwa ameudaka mpira, na papo hapo akaupiga mbali.

Yule mwembamba akautuliza, akainua uso kulitafuta goli.

Akamwona Gualter.