Wimbo wa Kutua Reli

"Leo naongeza ubeti wa nne," Ambrosi alimnong'oneza Dionis nyuma ya rundo la mataruma ya kulazia reli. "Ukiisha tu, tunaiachia reli upande wa nyapara. Wewe ruka nyuma. Umenisikia?"

Dionis aliitikia kwa kichwa.

Wimbo wenyewe aliujua, kama kila kibarua pale Goweko. Babu yake Ambrosi aliuimba tangu Tabora hadi pwani, pembe ya ndovu begani. Beti tatu za kutembea, kisha neno moja la kutua. Reli nayo ilibebwa vivyo hivyo: watu kumi, mabega kumi, na wote waachie kwa neno lile lile. Atakayebaki ameshikilia, uzito wote humlalia yeye.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili, na mshahara ulikuwa pale pale. Yoramu alitaja mgomo. Kesho yake askari wakamchukua. Wiki iliyofuata wakamchukua Kornel, mkewe akajifungua bila mtu. Tangu hapo watu wa kambi walikula ugali wao kimya.

Kabla ya kengele ya kazi, Dionis alimkuta nyapara Abbasi akinywa chai.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Haya, nani tena?"

Dionis akamweleza yote, macho chini. Alikuwa ameahidiwa nyumba ya bati, na mkewe Josepha alikuwa amechoka kuhamisha kitanda kila mvua inaponyesha. Isitoshe, safari hii alikuwa anaokoa roho ya mtu. Alijiambia hivyo mara mbili.

Reli ikapanda mabegani. Ambrosi, aliyekuwa wa mbele, akaanzisha. Wenzake wakaitikia, miguu ikiponda kokoto kwa pamoja. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Siku zote nyapara alitembea ubavuni mwao na fimbo yake. Leo alikuwa amesimama mbali, juu ya tuta, mikono nyuma.

Ubeti wa nne ukaja. Dionis akakaza magoti, tayari kuruka. Ukaisha.

Hakuna aliyeachia.

Ambrosi akatazama kule tutani, akamwona nyapara alivyojitenga. Kisha akageuza shingo taratibu, akamtazama Dionis.

Akaanzisha ubeti wa tano. Watu wanane wakaupokea kwa sauti moja, bila kukosea hata neno.

Dionis hakuwahi kuusikia.